Injini Inayogoma Ikiwa Moto

Boti ninayoitunza hapa Tanga iliundwa Uingereza mwaka 1979. Ni ya faiba, urefu wake futi 31, ina mlingoti mmoja, na chini ya ngazi ya kushukia ndani imekaa injini ya dizeli ya silinda mbili yenye stata, yaani mota ya kuiwashia, ya volti 12. Safari ya Pemba tunakwenda kwa tanga na kurudi kwa tanga. Injini kazi yake ni ya muda mfupi: kuondoka kwenye boya pale Raskazone, kupita katikati ya miamba, kuingia bandarini upepo ukilala. Ila hapo ndipo nahodha hana nafasi ya kubahatisha, na ndiyo sababu nimeamua kueleza kwa kirefu jinsi tulivyoikamata hitilafu iliyoisumbua boti hii misimu na misimu, ikija na kuondoka.

Ilikuwa hivi. Asubuhi unageuza ufunguo, unabonyeza kitufe, inawaka hapo hapo. Mchana, ukiwa umeizima saa moja tu, unabonyeza: tak, basi. Unabonyeza tena: tak. Tena: kimya. Halafu, hujagusa chochote, inazunguka na kuwaka kama vile haijawahi kugoma. Zinaweza kupita siku nyingi bila shida, mtu akaanza kuamini imepona.

Mzee mwenye boti alikwishatoa pesa nyingi kabla sijakabidhiwa. Betri ilinunuliwa mpya. Stata ilishushwa, ikapelekwa kwa fundi, mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, ikabadilishwa kaboni na bushi, amecha, sehemu yake inayozunguka, ikasafishwa. Baadaye solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoipa stata umeme wa betri, nayo ikawekwa mpya. Kila mara injini iliwaka vizuri kwa muda, watu wakashukuru, kisha ikarudia yale yale.

Niliposimuliwa hayo niliona dalili kubwa iko palepale. Ukibadilisha betri, unafungua na kukaza vichwa vyake. Ukishusha stata, unatikisa nyaya zote, unachomoa soketi na kuichomeka, chuma kinasuguana na chuma, kutu inakwaruzika. Kwa hiyo kila aliyeigusa aliitibu kidogo, na kifaa kipya kikapewa sifa isiyo yake. Kwa hitilafu ya namna hii, injini kuwaka baada ya kubadilisha kitu hakuthibitishi lolote. Lazima uipime ikiwa inagoma, mkono ukiwa kwenye kitufe. Kinyume cha hapo ni kupiga ramli, na ramli ya vipuri vya boti ni ghali.

Mahali paliponimaliza subira ni Mlango wa Njao, kaskazini-magharibi mwa Pemba. Wanaopita pale wanaujua: nje kina kinaporomoka kuelekea mkondo wa Pemba, ndani ni maji tulivu na mikoko, na katikati ni njia nyembamba ambayo maji yakijaa au yakipwa hupita kwa nguvu. Tulikuwa tunatoka na maji ya kupwa, kusi ikakatika nyuma ya kisiwa. Nikabonyeza: tak. Baharia wangu, kijana wa mtaa wa Deep Sea hapa Tanga, alikuwa amekwisha kusimama omo, mbele ya boti, na nanga mkononi, lakini sehemu kama ile nanga inaweza kuteremka isipate cha kushika. Nikamwambia aiache, apandishe tanga la mbele. Likapata upepo kidogo, usukani ukasikia, tukabaki katikati ya njia huku mimi nikiendelea kubonyeza mpaka ikawaka. Tanga la mbele huwa nalifungua na kuliweka tayari kabla ya kuingia mlango wowote, injini iwe nzima au mbovu, na kwa wanaoanza kazi hii hilo nawasihi walishike kabla ya mengine yote niliyoandika humu.

Injini ikikataa, swali la kwanza ni moja: inazunguka au haizunguki? Ikizunguka vizuri bila kuwaka, umeme hauna kosa. Tafuta hewa kwenye dizeli, filta iliyoziba, au ile waya ya kuzimia iliyosahaulika ikiwa imevutwa. Yetu haikuzunguka. Dizeli ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na mtu asipoteze mchana kutoa hewa kwenye nozeli kwa sababu tu jirani yake bandarini kamshauri.

“Kapteni, au maji yameingia?” baharia aliniuliza siku moja, na lilikuwa swali la maana sana. Kwenye boti, maji ya bahari yanayopoza injini hutolewa kupitia bomba la moshi. Ukipiga stata muda mrefu injini isiwake, pampu inaendelea kuvuta maji na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye pipa dogo la plastiki lililo kwenye bomba la moshi, yakizidi yanarudi nyuma mpaka ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa; ukiilazimisha stata hapo, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Kwa hiyo injini inayozunguka bila kuwaka, ifungie koki ya maji ya bahari, na koki hiyo ifunguliwe mara tu injini inapowaka, maana impela, pangaboi la mpira ndani ya pampu, haivumilii kuzunguka kavu. Sisi tuliinua vile vishikizo viwili vya kuachia mgandamizo juu ya silinda, tukaizungusha kwa mkono. Ilizunguka laini. Tukarudi kwenye umeme.

Hapa ndipo wengi walipodanganyika, na si kwa uvivu. Kila aliyekuja na mita ya umeme alipima betri akakuta 12.6, betri nzuri iliyojaa. Akauchomoa waya wa pini ndogo ya solenoidi ili injini isizunguke, akaweka ncha ya mita kwenye waya huo, akabonyeza kitufe, akakuta 12.5. “Umeme unafika,” akasema, akaanza kufungua stata. Mita haivuti umeme wa kutosha kuonyesha ubovu wa njia. Ni kama bomba la maji la nyumbani lililoziba kwa kutu: ukilifunga, presha imejaa, ukilifungua, yanachuruzika. Solenoidi ya stata ndogo kama hii, wakati wa kuvuta, inataka ampea 25 hadi 30 kwa mpigo. Njia inayoonekana kamili ikiwa haina kazi inaweza kuanguka kabisa ikipewa kazi hiyo.

Nikachukua waya mwembamba wa jozi, mrefu wa kutosha kutoka kwenye injini mpaka kwenye usukani. Upande wa chini nikaufunga kwenye pini ya solenoidi, waya wake wa kawaida ukiwa mahali pake, na uzi wa pili kwenye mwili wa injini. Upande wa juu nikaupeleka kwenye mita, nikaifunga mita kwa kamba mbele ya macho ya mshika usukani. Tukaiacha hapo safari baada ya safari. Kila tulipowasha, mimi nilitazama namba kidole kikiwa kwenye kitufe, na kijana akaandika kwenye daftari: saa ngapi, injini baridi au moto, volti ngapi, imezunguka au imegoma, na tulikuwa tumetoka wapi. Daftari lile la shule lenye madoa ya dizeli ndilo kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Mpangilio ulijionyesha wenyewe. Injini ikiwa baridi, mita ilisoma 9 na ushee wakati stata inazunguka. Ilipogoma, ilisimama kwenye 8.1, solenoidi ikapiga tak na stata isisogee. Na wakati ule ule wa kugoma, betri yenyewe ilikuwa bado na 12.4. Zaidi ya volti nne zilikuwa zinapotelea njiani, kabla hazijafika zinakohitajika.

Tulipotia nanga kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, injini ikiwa moto na imegoma, nilifanya jaribio la kuitenga stata. Nilihakikisha gia iko huru, nikachukua waya mfupi wenye kitufe chake katikati, nikaunganisha bolti kubwa ya stata na ile pini ndogo moja kwa moja, bila kupitia paneli ya ufunguo na kitufe. Ilizunguka papo hapo. Tukarudia siku nyingine, ikazunguka tena. Maana yake betri ni nzima, nyaya nene ni nzima, stata ni nzima; mgonjwa ni ile njia ndefu inayopanda kwenye paneli na kushuka. Naona wengi wanafanya jaribio hili kwa bisibisi. Naomba wasifanye. Bisibisi inatoa cheche kubwa, na gesi ya kupikia ikivuja ni nzito kuliko hewa, inakwenda kulala ngamani, chini kabisa, karibu na hapo hapo unapopiga cheche. Na gia ikiwa imeingia, boti inaruka mbele na wewe umeinamia mkanda wa injini.

Njia yenyewe, ukiifuata kwa kidole, inasikitisha. Umeme unatoka kwenye bolti kubwa ya stata, unapita kwenye soketi ya pini nyingi nyuma ya injini, unapanda mpaka paneli iliyo nje karibu na usukani, inakopigwa na mvua na chumvi, unaingia kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi ya ufunguo, halafu kwenye kitufe, halafu unashuka tena, unapita tena kwenye soketi ile ile, ndipo unafika kwenye solenoidi. Kwenda na kurudi ni kama mita saba za waya wa milimita mraba 2.5. Kwa mzigo wa ampea 25, waya huo hata ukiwa mpya unakula zaidi ya volti moja peke yake. Mwaka 1979 pini zilipokuwa zinang’aa, zilizobaki zilitosha. Chumvi ikala kidogo hapa, kidogo pale, mpaka hakukubaki akiba.

Kupima hasara ya kila kipande ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Huweki ncha moja kwenye chanya na nyingine kwenye hasi. Unaweka ncha zote mbili kwenye njia hiyo hiyo moja, huku na huku ya kitu unachokishuku, mwenzako anabonyeza kitufe. Kiungo kizima kinaonyesha karibu na sifuri. Kinachoonyesha volti, ndicho kinachoziiba. Tulipata 1.3 kwenye swichi ya ufunguo, 1.0 kwenye pini mbili za soketi, 0.3 kwenye kishikio cha fyuzi, 0.3 kwenye kitufe, na 1.3 kwenye nyaya zenyewe. Jumlisha: 4.2. Hakukuwa na kitu kimoja kibovu cha kumwonyesha mzee na kumwambia, huyu hapa mwizi. Walikuwa watano, kila mmoja kachukua kidogo, na ndiyo maana kubadilisha kimoja kimoja kulileta nafuu bila kuponya.

Soketi niliifungua taratibu. Plastiki yake ya kijivu ilikuwa imegeuka rangi ya chai kuzunguka pini moja, na shimo la pini hiyo limepanuka kwa joto. Pini ya jirani ilikuwa na unga wa kijani. Nilipochuna waya nyuma yake, shaba haikuwa na wekundu wake. Ilikuwa nyeusi, na nilipokata mbele zaidi weusi ukaendelea chini ya mpira urefu wa kiganja. Waya wa namna hiyo haushiki risasi ya kulehemu hata uupake nini. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya boti, kila uzi wake umepakwa bati, chumvi haipenyi hivyo. Wa gari haukupakwa, na ndio unaopatikana kila duka.

Lakini kwa nini mchana na si asubuhi? Jibu limo ndani ya shaba yenyewe. Shaba ikipata joto, ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, unaongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Solenoidi iliyolala usiku kwenye digrii 30, baada ya injini kufanya kazi inafika 70 au 80, kwa sababu imebanana na injini. Hapo ukinzani umepanda kwa asilimia 16 hadi 20, na nguvu ya kuvuta imeshuka. Yenye volti 11 haijali. Yenye 8 ilikuwa imesimama ukingoni tangu asubuhi. Na hapa kwetu, chumba cha injini kikifungwa mchana wa kaskazi, joto halina pa kutokea. Saa moja baada ya kuzima, solenoidi inaweza kuwa moto kuliko ilivyokuwa injini ikifanya kazi na maji yakizunguka. Ikipoa kidogo, inavuta. Watu wanaona kubonyeza mara nyingi ndiko kulikosaidia.

Nikaenda Ngamiani kwa yule fundi wa umeme wa magari, mtu mzima aliyeitengeneza stata hapo mwanzo na ambaye tangu siku ile alishikilia kwamba stata haina neno.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, kapteni. Umeniletea tena?”

“Sikuleta stata leo. Nimeleta daftari.”

Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya volti, akasimama kwenye ile 8.1. “Nane? Hapa mwanangu hata ukiweka ya dukani kwenye boksi itakataa.” Akavuta droo, akatoa rilei ya gari ya ampea 40, ile ya mraba ya kawaida yenye miguu minne, akaiweka juu ya daftari. Hakutaka kunitengenezea kitu kingine chochote siku hiyo, na nilimheshimu kwa hilo.

Rilei ni swichi inayofungwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa; inabadilisha kila kitu kwa sababu inatenganisha amri na mzigo. Mguu wenye namba 30 niliuleta kwenye bolti kubwa ya stata kwa waya mnene, mfupi, wenye fyuzi yake mwanzoni kabisa. Mguu 87 ukaenda kwenye pini ya solenoidi. Urefu wote hauzidi mkono mmoja. Ule waya mrefu wa zamani kutoka kwenye kitufe sasa unaishia kwenye mguu 86, na mguu 85 unakwenda hasi. Koili ya rilei inavuta kama ampea 0.15 tu. Kwa mzigo mdogo hivyo, zile sehemu tano zilizokuwa zinaiba volti nne hazina cha kuiba. Nimeifunga rilei juu ukutani, miguu ikitazama chini ili tone likiingia lishuke, mbali na mahali maji ya ngama yanapopanda boti ikilala ubavu. Soketi ya kijivu niliikata yote, nikakata nyaya mpaka nilipoipata shaba safi, nikaziunganisha kwenye kibao cha skurubu na kupaka grisi.

Swichi ya ufunguo sikuibadilisha. Mzee mwenye boti alishangaa, akataka kuinunua kutoka nje. Nilimwonyesha kwa mita: kwa kazi yake mpya haipotezi chochote cha kuhesabika. Pesa ile ilinunua waya uliopakwa bati.

Upande wa hasi pia tuliupima, maana nao husahauliwa: kutoka kwenye mwili wa stata hadi kichwa hasi cha betri, stata ikizunguka. Ilisoma 0.1, ikaachwa. Ingezidi 0.3 ningeufungua, ningekwangua rangi chini ya bolti ya athi, ile inayoshika waya wa hasi kwenye injini, kwa msasa. Kwenye boti iliyopakwa rangi injini mara nyingi, rangi hiyo ndiyo inayokutwa katikati ya chuma na waya.

Tangu hapo tumeizima na kuiwasha ikiwa moto kila mahali penye usalama, makusudi, ili tuione ikigoma. Pini ya solenoidi inasoma 10.4 stata ikizunguka, baridi au moto karibu sawa. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha injini: betri ikiwa imetulia, betri wakati wa kupiga stata, pini ya solenoidi, hasara ya upande wa hasi. Atakayeifungua injini hii siku ikikataa ataanzia kwenye namba za siku ilipokuwa nzima.

Mita ile ya waya mrefu bado ipo, ila nimeihamishia upande wa kuchaji, kwa sababu soketi ya kijivu ilikuwa na pacha wake kwenye oltaneta, ile inayochaji betri. Oltaneta inatoa 14.2, betri inapokea 13.6. Kwa kiwango hicho betri haijai vizuri hata injini ikifanya kazi mchana mzima, na dakika zetu za injini ni chache. Boti ikipandishwa nchi kavu kabla ya masika, waya huo ndio unaofuata kukatwa.